Mada moja kwa wiki: baraza, mwenza au simu?

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaotaka kuzungumza Kiingereza vizuri hapa Lamu halihusu sarufi. Wanaoniuliza wamemaliza shule, wengi wao hadi kidato cha nne, na barua ya Kiingereza wanaisoma na kuielewa. Lakini mgeni akiwasimamisha Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, na kuwauliza njia ya kwenda msikiti wa Riyadha, maneno huwakwama kooni. Wameshauriwa wachague mada moja kila wiki na kuizungumza mpaka iwakae mdomoni, na ushauri huo wameupokea. Kinachowatatiza ni wapi waizungumze, na nani. Je, wajiunge na kikundi kinachokutana barazani, watafute mtu mmoja wa kuzungumza naye, au wajifungie chumbani na simu zao?

Nimezipitia njia zote tatu. Kwa miaka kadhaa nimeongoza kikundi kidogo cha mazungumzo mtaani Langoni, nimekuwa na wenza niliozungumza nao mmoja mmoja, na imepita miezi ambayo mwenza wangu wa pekee alikuwa simu. Msomaji ajue mapema kwamba moyo wangu uko barazani, na kwa sababu hiyo nimejilazimisha kuzipima njia hizi kwa mizani ile ile, ili mapenzi yangu yasimchagulie mtu ambaye hali yake si hali yangu.

Kwanza neno juu ya mada ya wiki, kwa kuwa njia zote tatu zinaitegemea. Ukizungumza leo habari za soko, kesho za hospitali na keshokutwa za mpira, kila siku unaanza na maneno mapya na kuyaacha kabla ulimi haujayazoea. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyepima kumbukumbu yake mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea upesi, katika saa na siku za mwanzo, na kwamba baada ya hapo usahaulifu hupunguza kasi. Mada inayokaa wiki nzima huyarudisha maneno yale yale katika siku hizo za hatari: yaliyosikiwa Jumatatu hutamkwa Jumatano, na yaliyokosewa Jumatano hupata nafasi nyingine Ijumaa.

Vipimo vitano

Kipimo cha kwanza, na ambacho nakipa uzito kuliko vyote, ni dakika ambazo mdomo wako mwenyewe unasema. Kusikiliza kuna faida kubwa, lakini peke yake hakumfanyi mtu kuwa msemaji. Nchini Kanada watoto wa jamii zinazozungumza Kiingereza walisomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi. Walikielewa Kifaransa vizuri sana, ilhali kusema na kuandika kwao kulibaki nyuma. Mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain alieleza kwamba sababu mojawapo ni kuwa watoto wale hawakupata nafasi za kutosha za kuizalisha lugha wenyewe, wala hawakusukumwa kufanya hivyo. Kila ninapowasikiliza vijana wetu waliotoka sekondari nawakumbuka watoto wale.

Kipimo cha pili ni kusahihishwa, na hapa inafaa tuyajue makosa yetu kwa majina yake, kwa sababu anayekulia katika Kiswahili hukosea Kiingereza kwa namna yake. Kiswahili kina neno moja, yeye, kwa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo tunamsimulia dada yetu kwa "he" na tusishtuke. Tunasikia njaa, tunasikia baridi na tunasikia harufu, kwa hiyo tunamwambia mgeni kwamba "tumeisikia" harufu ya samaki kwa kitenzi ambacho kwake ni cha masikio tu. Irabu zetu ni tano, basi "ship" na "sheep" hutoka mdomoni mwetu zikiwa neno moja, na msikilizaji abaki akijiuliza kama kilichotia nanga ni meli au kondoo. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaupeleka hapo hapo katika maneno ya Kiingereza yasiyoutaka hapo. Tuna zawadi zetu pia: anayetamka thelathini na dhahabu sawasawa hapati taabu na sauti mbili ambazo wanafunzi wa nchi nyingi huhangaika nazo miaka na miaka. Swali la kipimo hiki ni kama njia uliyoichagua ina mtu, au kitu, kitakachoyaona makosa hayo.

Cha tatu ni uhuru wa kuchagua mada inayogusa maisha yako. Cha nne ni gharama, na katika gharama naingiza fedha na wakati pamoja. Cha tano ni haya na udumifu, ambavyo naviweka pamoja kwa makusudi, kwa kuwa wengi niliowaona wakiacha waliacha kwa sababu ya aibu, wachache kwa sababu ya kukosa nauli.

Kikundi cha barazani

Ninachokiita kikundi ni watu sita hadi kumi wanaokutana siku maalumu ya wiki, wakiwa na mada iliyotangazwa mapema. Chetu hukutana Ijumaa usiku baada ya isha. Jumatatu karatasi yenye maneno kumi na maswali matano hupigwa picha na kutumwa kwa simu, ili kila mmoja aje akiwa ameshaitafuna mada.

Kwa dakika za kusema, baraza lisilopangwa ndilo dhaifu kuliko njia zote. Watu wanane wakikaa saa nzima kila mmoja akisubiri zamu yake, fungu la mtu halifiki dakika nane. Ukitoa salamu, kahawa, na yule ambaye hadithi yake haina mwisho, wapo watakaorudi nyumbani wamesema sentensi tatu. Baraza lililopangwa ni jambo jingine. Sisi huligawa wawili wawili kwa sehemu kubwa ya saa, na hutumia zoezi lililobuniwa na Keith Maurice mwaka 1983 na kuenezwa na Paul Nation wa New Zealand. Unamsimulia mwenzako habari moja kwa dakika 4. Kisha unahama, unaisimulia habari ile ile kwa mtu mwingine kwa dakika 3, na mwisho kwa mtu wa tatu kwa dakika 2. Mara ya kwanza kuna kusitasita na kutafuta maneno hewani. Mara ya tatu muda umepungua kwa nusu na habari ni ile ile, kwa hiyo maneno yanatoka yamefuatana, na msemaji mwenyewe hushangaa. Zoezi hili linahitaji wasikilizaji watatu tofauti, nalo ni hoja nzito ya kukitetea kikundi, kwani mwenza mmoja hawezi kujifanya hajaisikia habari hiyo.

Kusahihishwa barazani kuna ugumu ambao wageni hawauoni. Kwetu si adabu kijana kumkatiza mzee wake mbele ya watu, hata kama mzee amesema "he" akimkusudia mkewe. Matokeo yake, wadogo husahihishwa mno na wakubwa hawasahihishwi kabisa. Tumeitafutia njia: mtu mmoja kila juma hukaa na karatasi, huandika makosa bila majina, na mwishoni husoma matatu tu, nasi sote tunayarekebisha kwa pamoja. Limebaki tatizo moja ambalo karatasi haiwezi kulitibu. Kosa ambalo sote tunalo halionwi na yeyote. Tulizungumza miezi mingi tukisema tunasikia harufu, na hakuna aliyeinua uso, mpaka alipokuja kukaa nasi mtu aliyekulia nje.

Kwa mada, baraza halina mpinzani. Jambo la mtu mmoja humkumbusha wa pili lake, na mazungumzo yanajiendesha yenyewe. Juma tulilozungumzia safari za baharini, kijana anayepeleka wageni Manda Toto alitusimulia siku aliyowaambia wageni wake wamkute gatini saa mbili asubuhi, na kwa Kiingereza akawaambia "two o'clock". Akafika mapema, akatandika mito, akapakia barafu na maji ya kunywa, akangoja huku bahari ikianza kupwa. Wageni walifika kwa furaha saa nane mchana. Maji yalikuwa yamekwenda zake, na mashua imekaa ubavu kwenye matope. Aliisimulia kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika, lakini hakuna aliyekosa neno lolote, na kabla hajamaliza watu watatu walikuwa wanataka kueleza saa zao zilizowaponza. Tangu usiku ule sijamsikia hata mmoja wetu akisahau tofauti ya saa sita baina ya saa yetu na yao.

Uzuri huo hutegemea sana swali linaloanzisha mazungumzo. Ukimuuliza mtu kama anapenda samaki atajibu kwamba anapenda, na baraza litanyamaza. Ukimwomba aeleze siku ambayo upepo ulibadilisha mipango yake, hata asiye baharia ana la kusema. Maswali yaliyochukuliwa mzima mzima kutoka orodha za nchi nyingine yanahitaji kupasuliwa na kushonwa upya. Tuliwahi kuchukua mada ya wanyama wanaofugwa kwa mapenzi, ambayo huko kwao huishia kwenye mbwa na majina yao. Sisi tuliigeuza ikawa swali la paka wa Lamu: ni wa nani, wale wanaolala juu ya mabaraza yetu na kula vichwa vya samaki wa kila nyumba? Nusu saa haikutosha. Hata hivyo kikundi cha majirani kina mipaka yake. Siasa za uchaguzi, mizozo ya mashamba na mambo ya ndoa ya mtu ni mada ambazo mwongozaji mwenye busara huziacha, kwa sababu Jumamosi asubuhi watu hao hao watakutana sokoni.

Gharama ya fedha ni ndogo, kwetu ni mchango wa kahawa chungu na kaimati. Gharama kubwa ni ya wakati, kwani siku haikungojei. Ramadhani hutulazimu kuhamia baada ya tarawehe au kusimama, Maulidi yana watu wake, na msiba ukitokea mtaani hakuna wa kuulizia Kiingereza. Na kwa kuwa baraza la nje kwa desturi hukaliwa na wanaume, kikundi cha kina mama kinahitaji mahali pake: kile ninachokifahamu hukutana katika kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya mmoja wao baada ya alasiri, na kwa kweli kinadumu kuliko chetu.

Haya barazani hukata pande mbili. Anayeogopa kuchekwa anaweza kukaa majuma manne bila kufungua mdomo, na mwongozaji akimlazimisha siku ya kwanza hatamwona tena. Lakini akishazoea, aibu ile ile humrudisha, kwa sababu asipoonekana ataulizwa njiani alikuwa wapi.

Njia hii inamfaa anayeelewa Kiingereza lakini amekosa wa kusema naye, anayekaa mjini siku nyingi za mwaka, na anayependa watu. Haimfai sana mwenye haja ya haraka na ya pekee, wala anayeanza kabisa, ambaye hata sentensi ya kujitambulisha hajaimudu.

Mwenza mmoja

Mwenza anaweza kuwa wa aina tatu, nazo hazilingani. Kuna mwenzako wa hapa hapa, anayejifunza kama wewe. Kuna mgeni anayetaka Kiswahili, mkabadilishana. Na kuna mwalimu wa kulipwa.

Kwa dakika za kusema, mwenza wa hapa anatoa hesabu nzuri: saa moja ikigawanywa kwa watu wawili kila mmoja ana nusu saa nzima. Kwa mgeni wa kubadilishana hesabu hubadilika, jambo ambalo watu hulisahau. Nusu saa ni ya Kiswahili chake, nusu iliyobaki ni ya Kiingereza chako, na ndani ya nusu hiyo naye anazungumza, kwa hiyo ukipata dakika 15 za mdomo wako umefanya vizuri. Mwalimu mzuri huzungumza kidogo na kukuacha wewe useme. Mwalimu mbaya hukulipisha kwa kumsikiliza yeye.

Katika kusahihishwa ndiko mwenza anakoliacha baraza mbali, mradi awe ni mtu anayejua zaidi yako. Hakuna wa kukuonea haya, na hakuna adabu inayovunjwa. Mgeni atakusikia ukisema umeisikia harufu na atakuuliza umeisikiaje. Hatari yake ni mazoea. Baada ya miezi miwili rafiki yako ameshajua unachotaka kusema kabla hujakisema, amezoea matamshi yako, na makosa yako hayamkwazi tena. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba dakika tano za mwisho ni za makosa tu, na zisiguswe na jambo jingine.

Mada za mwenza zinaweza kukatwa kwa kipimo chako, kama fundi anavyokata kanzu. Dada mmoja wa mtaani alikuwa akijiandaa kwa usaili wa kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Shela, na yeye na mwenzake walichukua kila wiki tukio moja la kazi hiyo: mgeni anayewasili amechoka, mgeni anayeuliza bei, mgeni mwenye malalamiko. Nilikuwapo walipofanya la malalamiko. Mwenzake alijifanya mgeni ambaye maji ya bafuni hayatoki. Yeye akajibu "sorry". Mgeni akaongeza kwamba ameumwa na mbu usiku kucha, akajibu "sorry". Mgeni akasema ameteleza ngazini asubuhi. Akajibu "sorry" tena. Wakasimama hapo, kwa sababu dada yule alikuwa ameyatafsiri maneno mawili tofauti kwa neno moja. Kwa maji alikusudia samahani, kwa kuwa kosa ni la nyumba. Kwa kuteleza alikusudia pole, ambayo haibebi kosa lolote, ni huruma tu, na mgeni asiyeijua pole yetu anaweza kudhani kwamba mpokezi anakiri ngazi zao ni mbovu. Walikaa juma zima wakitafuta namna tatu nne za kuonyesha huruma kwa Kiingereza bila kubeba lawama. Barazani, penye watu wanane na kila mmoja na haja yake, jambo dogo la thamani kama hilo lingepitwa.

Gharama zinatofautiana. Mwenza wa hapa ni bure. Mgeni ni bure kwa fedha, lakini unamlipa kwa Kiswahili chako, na kumfundisha mtu lugha yako ni kazi inayotaka matayarisho. Mwalimu anadai ada, na kabla ya kukubali muulize kama somo litafuata mada uliyoichagua wewe au kitabu chake.

Udumifu ndio udhaifu wa njia hii. Kikundi kikipungukiwa na mtu mmoja kinaendelea. Wawili wakipungua mmoja yamekwisha. Wageni wengi wa Shela hufuata kaskazi, na mvua za masika na kusi zinapoingia huwa wamekwisha kuondoka, nawe unabaki na mada ya wiki na hakuna wa kuizungumza naye. Wengine huendelea kwa simu, nami nawashauri waombe hilo kabla ya siku ya safari. Kwa upande wa haya, mwenza ni faraja kubwa: unakosea mbele ya mtu mmoja tu. Kwa desturi zetu ni wepesi zaidi mwanamke kupata mwenza wa kike na mwanamume wa kiume, na sioni sababu ya kuifanya Kiingereza chanzo cha maneno mtaani.

Mwenza anamfaa mwenye lengo mahsusi na tarehe iliyo karibu, mwenye haya nyingi, na yule ambaye makosa yake yameota mizizi. Asiyependa kutegemea ratiba ya mtu mwingine atasumbuka.

Simu na redio

Njia ya tatu ni kuishughulikia mada ya wiki peke yako. Vifaa havikosekani. BBC imekuwa ikifundisha Kiingereza kwa redio tangu 1943, na kipindi chake cha 6 Minute English kimejengwa kwa namna inayofanana na tunayoizungumzia: mada moja, watangazaji wawili, dakika kama sita, na maneno sita mapya yanayorudiwa mwishoni. Hivi karibuni zimeongezeka programu za akili mnemba zinazokujibu kwa sauti.

Dakika za kusema hapa ni nyingi kadiri unavyotaka, na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu hukaa saa nzima na vidude vya masikioni, anaelewa, anafurahi, halafu anagundua kwamba mdomo haukufunguka hata mara moja. Anayetaka simu imfundishe kusema lazima ajirekodi. Nilivyofanya mimi ni kusimulia mada ya wiki kwa dakika mbili Jumatatu, kabla ya kusikiliza chochote, na kuisimulia tena Jumapili, kisha kuzisikiliza rekodi mbili pamoja. Inauma mwanzoni kuisikia sauti yako mwenyewe, lakini hakuna ushahidi ulio wazi kama huo. Zoezi la pili ni kufuatisha: unacheza sentensi moja ya mtangazaji, unaisimamisha, unaisema kwa mwendo na mkazo wake. Kwa zoezi hilo niligundua kwamba miaka yote nilikuwa nikilitamka "vegetable" kwa kuukandamiza mkazo karibu na mwisho, kama neno la Kiswahili, ilhali wenyewe wanaukandamiza mwanzo kabisa na kuzimeza silabi za katikati.

Kusahihishwa kunategemea. Redio haikusikii. Programu ya kuzungumza nayo hurekebisha sarufi kwa uvumilivu ambao binadamu hana, na itakurekebishia "he" na "she" mara mia bila kuguna. Lakini mara nyingi hulikisia neno ulilokusudia na kulipokea, kwa hiyo unaweza kusema kondoo ukikusudia meli na isikwambie kitu. Pia usiisimulie habari za watu wa nyumbani kwako wala nambari zako, kwa kuwa hujui zinahifadhiwa wapi.

Mada zilizotayarishwa mbali zinasimulia treni za chini ya ardhi na baridi ya theluji, maneno ambayo hutayahitaji Mokowe. Ila usizitupe zote, kwani anayehudumia wageni anahitaji kuyajua maisha wanayotoka. Nafuu ni kusikiliza mada yao, kisha kujirekodi ukiisema kwa mambo ya kwako: wao wakizungumzia treni, wewe ueleze boti ya kutoka Mokowe, nani anapanda, mizigo inawekwa wapi, na kunakuwaje bahari ikichafuka.

Gharama ni bando na chaji, na vipindi vikishapakuliwa mahali penye mtandao hata bando halihitajiki tena. Haya haipo kabisa. Lakini haipo pia ile aibu njema inayomrudisha mtu barazani; ukikosa wiki moja hakuna atakayekuuliza, na ya pili inakuwa nyepesi kukosa kuliko ya kwanza.

Inamfaa nahodha anayelala baharini, mama mwenye watoto wachanga, anayefanya kazi kwa zamu huko bandarini Kililana, anayeishi Pate au Ndau mbali na kikundi chochote, na anayeanza ambaye bado anakusanya maneno ya kwanza.

Kwa hali yako

Ukiwa na usaili au kazi mpya ndani ya mwezi mmoja, mwenza anakufaa kwanza, na mada za wiki nne ziwe matukio manne ya kazi hiyo. Kikundi kitakupa raha, lakini mada yake itakuwa ya wote.

Ukiwa unaelewa vizuri na kukwama kusema, na huna haraka, tafuta baraza. Lakini kabla ya kujiunga nenda uketi usiku mmoja, uhesabu dakika ambazo mtu wa kawaida pale anazungumza. Zikiwa chini ya kumi, waombe wajaribu kugawana wawili wawili. Wakikataa, tafuta wengine, au mwombe mmoja wao muwe wenza.

Ukiwa huna uhakika hata wa kujitambulisha, anza na simu kwa majuma sita hadi manane, mada ndogo ndogo: jamaa zako, chakula, saa, bei. Halafu nenda kwa watu. Nimewaona wanaoanza wakiingia barazani mapema mno, wakaumia, wakasema Kiingereza si chao.

Ukiwa mwanamke ambaye jioni za barazani hazikufai, usingoje kualikwa. Wanawake watatu katika daka la nyumba, pale mlangoni penye viti vya mawe, siku moja baada ya alasiri, ni kikundi kamili, na watatu wanatosha kuzungushana zile dakika 4, 3 na 2 ikiwa kila mmoja atasimulia mara mbili kwa wenzake na mara ya tatu kwa simu inayorekodi.

Ukiwa na kazi ya msimu, gawa mwaka. Kaskazi wageni wapo, kwa hiyo shika mwenza. Masika na kusi mji umetulia na watu wako majumbani, kwa hiyo shika baraza. Simu iwe ya siku za safari.

Na kama unachokikosa ni mada ya kuanzia tu, wiki ya kwanza chukua kazi unayoifanya kwa mikono yako. Mshonaji wa kofia aeleze vishimo vinavyotobolewa na nyuzi zinavyopitishwa, mwenye punda aeleze anavyofunga mzigo wa mawe, mpishi aeleze mkate wa mofa unavyobandikwa ubavuni. Andika maneno kumi ambayo huyajui kwa Kiingereza lakini kwa Kiswahili huyatamka kila siku, uyatafute leo usiku, na kesho asubuhi uyaseme kwa sauti ukiwa kazini.